Ziwa ni Letu, Swali ni la Nani?

Kila mwaka, inapokaribia Desemba na Januari, matangazo ya aina moja huzunguka katika simu za wahitimu wetu wa kilimo na biolojia. Chuo kikuu fulani cha Ulaya au Australia kinamtafuta mwanafunzi wa shahada ya uzamivu atakayechunguza namna mimea inavyoweza kutumia maji kwa ufanisi zaidi. Ufadhili ni wa miaka mitatu na nusu au minne. Ada italipwa, posho ya kujikimu itatolewa, fungu la vifaa na safari lipo. Aya ya kwanza hutaja ukame, mabadiliko ya tabianchi na uhaba wa chakula, na si ajabu kulikuta jina la Afrika humo. Vijana hutumiana tangazo hilo, huombeana heri, nasi walimu huketi kuandika barua za mapendekezo.

Sina ugomvi na tangazo hilo, wala na chuo kilichotoa. Nchi inayotumia fedha zake kutafuta maarifa inatimiza wajibu wake. Ugomvi wangu ni na ukimya wa upande wetu. Ni nadra mno kukuta tangazo la namna hiyo lililoandikwa hapa, likalipiwa kwa fedha za hapa, likauliza juu ya mtama wa Kwimba, pamba ya Magu au mpunga wa Misungwi. Hoja ya makala haya ni moja: taifa lisilolipia maswali yake lenyewe litaendelea kupokea majibu ya maswali ya wengine, hata kama linaishi ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika.

Swali lenyewe

Kwanza tuelewane kuhusu swali, maana wengi hulidhani ni la maabara, lisilomhusu mtu wa Igoma au Buhongwa. Mmea hauwezi kula bila kupoteza maji. Ili jani lipate hewa ya kaboni ya kutengenezea chakula, sharti lifungue vitundu vyake vidogo ambavyo wanabiolojia huviita stomata. Na vitundu hivyo vikifunguka, maji hutoka kama mvuke. Molekuli moja ya hewa ya kaboni huingia kwa gharama ya mamia ya molekuli za maji. Jani likivifunga, maji yanabaki lakini njaa inaingia. Mmea huishi kwa biashara hiyo kutwa nzima, na mtafiti anauliza: kwa maji yaleyale, ni mmea gani unaovuna zaidi, na kwa sababu gani?

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Lyman Briggs na Homer Shantz walilipima swali hilo huko Akron, Colorado, nchini Marekani. Walipanda mimea katika vyombo vilivyofunikwa, wakavipima kwa mizani mara kwa mara hadi mavuno. Wakakuta kwamba mtama ulihitaji karibu kilo 320 za maji ili kutengeneza kilo moja ya mmea mkavu. Mahindi karibu 370. Pamba zaidi ya 600. Mpunga zaidi ya 700. Msomaji wa Mwanza atazame orodha hiyo mara mbili, kwa kuwa ni orodha ya mashamba yetu. Pamba tunayoitegemea kwa fedha na mpunga tunaoupenda mezani ndiyo mazao yenye kiu kubwa, na mtama tulioupa kisogo kwa ajili ya mahindi ndio unaobana matumizi. Mkulima wa Usukuma anayajua hayo kwa macho na kwa tumbo. Anachokosa ni hesabu iliyofanywa katika shamba lake mwenyewe, kwa mvua yake na udongo wake.

Usukuma hupata mvua ya milimita 700 hadi 1,000 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho ukikitaja kwa tarakimu si kidogo. Taabu iko katika mpangilio. Mvua huanza Oktoba au Novemba, kisha Januari au Februari jua linaweza kukaa majuma kadhaa, wakati ambapo mahindi yanatoa mbelewele na hayawezi kusubiri. Udongo nao haufanani. Mkulima wa Kisukuma ana majina ya udongo kuanzia kilimani hadi bondeni: luseni la mchanga huko juu, itogolo lenye tabaka gumu chini yake, na mbuga nyeusi ya mfinyanzi bondeni. Mbegu ileile ikipandwa katika luseni na katika mbuga huishi maisha mawili tofauti. Huko juu maji hupita upesi; huko chini hukaa, lakini mfinyanzi huyang'ang'ania na mzizi huyapata kwa taabu.

Ndiyo maana jibu la kwingine haliwezi kuhamishwa kama gunia. Chukua mfano wa Australia. Katika miaka ya 1980, Graham Farquhar na Richard Richards walionyesha kwamba uwiano wa isotopu za kaboni katika ngano unafichua jinsi mmea ulivyotumia maji. Kutokana na ugunduzi huo, mwaka 2002 shirika la utafiti la umma la nchi hiyo, CSIRO, lilitoa mbegu ya ngano iitwayo Drysdale. Kutoka swali hadi mbegu ilipita miaka karibu 20. Mbegu hiyo hufaidi zaidi pale ambapo zao huishi kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini kabla ya kupanda. Pale ambapo mvua hunyesha zao likiwa shambani, faida hupungua, kwa sababu mmea unaobana maji hukua polepole na kuliacha jua likaushe ardhi iliyo wazi. Kwa maneno mengine, kinachoitwa ufanisi huko Canberra kinaweza kuwa uvivu wa mmea huku Misungwi. Waaustralia waliuliza swali kwa mvua yao na udongo wao, wakalilipia wao, wakalisubiri wao. Tukitaka kuwaiga, tuige hayo matatu kabla ya kuomba mbegu yao.

Tangazo na masharti yake

Turudi kwenye nafasi ile ya uzamivu. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba mada imekwisha kuamuliwa. Msimamizi ameliandika swali, amelipatia fedha, amechagua mmea, amechagua mashine. Mwanafunzi haombwi swali. Anaombwa akili na mikono ya kulijibu. Hilo si dhambi, ndivyo sayansi nyingi ya kisasa inavyoendeshwa. Ila lina matokeo yake.

Mwaka 2018, watafiti wa mradi unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha katika jarida la Nature Communications kazi ya ajabu kweli. Kwa kuongeza kiasi cha protini moja katika jani, waliufanya mmea upoteze maji pungufu kwa asilimia 25 kwa kila kiasi cha kaboni unachokipata, na waliupima shambani, si katika chumba cha kioo pekee. Mmea huo ulikuwa tumbaku. Tumbaku ilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi kuibadilisha vinasaba, na nia iliyotangazwa ni kuupeleka ujuzi huo katika mazao ya chakula, kunde na mihogo zikiwemo. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini kutoka tumbaku ya Illinois hadi kunde ya Sengerema kuna safari ndefu, na katika safari hiyo mwenye nauli ndiye anayechagua vituo.

Kisha kuna masharti ya maandishi madogo. Nchini Uingereza, tangu mwaka wa masomo 2021/22, nafasi za uzamivu zinazofadhiliwa na baraza la utafiti la taifa, UKRI, zimefunguliwa kwa wageni, lakini kwa jumla wasizidi asilimia 30 katika kila fungu la ufadhili. Kabla ya hapo mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Mara nyingi fedha hulipa ada kwa kiwango cha mwenyeji, na tofauti ya ada ya mgeni hutafutiwa njia nyingine. Kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada ya kwanza hudaiwa cheti cha mtihani wa Kiingereza, kwa gharama yake. Yote hayo ni haki ya mwenye fedha, naye hawezi kulaumiwa kwa kuwatanguliza watoto wa walipakodi wake. Mimi nauliza kuhusu walipakodi wetu: watoto wao wametangulizwa wapi?

Atakayeshinda hatua zote hizo ni kijana wetu hodari kuliko wote. Ataondoka akiwa na miaka 27, atajifunza kuusoma mmea kwa mashine ambazo akirudi hatazikuta, na data zake zitabaki katika hifadhi ya chuo kilichomfadhili. Akibaki huko, tutamwita msaliti. Akirudi, atapangiwa vipindi 20 kwa juma na kuketi katika kamati ya sherehe. Simlaumu kwa uamuzi wowote kati ya hiyo miwili. Hatukumwachia swali la kulirudia.

Tuliwahi kuulizwa na wengine

Haya si mambo mapya katika ardhi hii. Kituo cha Ukiriguru, kilomita 30 hivi kusini ya jiji letu, kilianzishwa katika miaka ya 1930 na shirika la pamba la dola ya Uingereza. Shirika hilo lilijua linachokitaka: pamba ya kulisha viwanda vya nguo vya Lancashire. Kwa lengo hilo lilifanya kazi ya kitaalamu ya hali ya juu, na mkulima aliyepanda mbegu ya UK91 alikula matunda ya urithi wake. Herufi hizo, tukumbuke, hazimaanishi Uingereza, zinamaanisha Ukiriguru.

Miongoni mwa kazi za Ukiriguru kabla ya uhuru ilikuwa kazi ya maji. Watafiti waligundua kwamba ukiziba mfereji ulio kati ya matuta kwa vizuizi vidogo vya udongo, mvua haitiririki kuelekea bondeni bali husimama na kuzama pale mzizi ulipo. Kitaalamu lilikuwa wazo zuri. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango wa maendeleo ya Usukuma uliligeuza wazo hilo kuwa amri yenye sheria ndogo na faini, pamoja na amri za kupunguza mifugo na nyinginezo. Hakuna aliyemuuliza mkulima ni nani atakayeichimba kazi hiyo yote kwa jembe la mkono wakati uleule wa kupanda. Amri hizo za kilimo na mifugo zikawa miongoni mwa sababu za chuki iliyoipa TANU nguvu katika Jimbo la Ziwa, na shuruti ilipoondoka, matuta yale yaliachwa kwa sehemu kubwa. Jibu lilikuwa sahihi kwa swali ambalo mwenye shamba hakushirikishwa kulitunga.

Linganisha na majaruba. Katika mitelemko ya chini yenye itogolo, wakulima wa Usukuma wamejenga kingo za udongo, wakayanasa maji yanayoteremka kutoka vilimani, wakapanda mpunga. Kilimo hicho kimepanuka kwa miongo mingi, kikasukumwa na wakulima wenyewe na soko la mchele kuliko amri ya bwana shamba. Watu hawa walikuwa wakilijibu kwa vitendo swali la ufanisi wa maji: namna ya kupata debe moja zaidi kutokana na mvua ileile. Walichokosa ni mtafiti wa kukaa nao misimu minne, kupima jaruba kwa jaruba, na kuwaambia ni mbegu gani inayostahili maji waliyoyakusanya kwa mgongo wao. Kazi hiyo, kwa kila kigezo cha chuo kikuu, ni shahada ya uzamivu.

Funzo la Makutupora

Mfano wa tatu ni wa juzi. Mwaka 2008 ulianzishwa mradi wa mahindi yanayotumia maji kwa ufanisi kwa ajili ya Afrika, uliojulikana kwa kifupi chake cha WEMA. Uliratibiwa kutoka Nairobi na taasisi ya AATF. Fedha zilitoka katika mifuko ya Bill Gates na Howard Buffett, baadaye na USAID. Kampuni ya Monsanto ilitoa jeni ya ustahimilivu wa ukame iliyotokana na bakteria. Na nchi tano, Tanzania ikiwemo, zilitoa watafiti na ardhi. Upande mmoja wa mradi ulikuwa wa mbegu chotara za kawaida, upande wa pili ukawa wa uhandisi jeni. Oktoba 2016 mahindi hayo ya uhandisi jeni yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 serikali iliamuru majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe. Mwanzoni mwa 2021 ikatangaza tena kuyafuta majaribio ya aina hiyo.

Wapo wasomaji wanaoiunga mkono amri ile na wapo wanaoilaani, na sitawagombanisha leo. Nataka tuone tu jinsi jambo lilivyokwenda. Swali lilitungwa nje na likalipiwa nje. Jibu likafutwa na ofisi. Watafiti wetu, watu wenye ujuzi na uzalendo, walibanwa katikati: hawakuwa wenye swali, wala hawakuwa wenye uamuzi. Mkulima hakuonekana mwanzoni, wala mwishoni. Laiti tungekuwa na kundi la wazamivu wetu, waliolipwa na umma na wasiodaiwa fadhila na kampuni wala mfuko wowote, tungeweza kubishana juu ya mahindi yale kwa vipimo vya mashamba yetu. Badala yake tulibishana kwa hofu upande mmoja na kwa vipeperushi upande mwingine. Nchi isiyo na watafiti huru haina namna ya kukubali jambo kwa hekima, na haina namna ya kulikataa kwa hekima pia.

Hati za maji na maswali ya maji

Kuna kejeli ya kihistoria hapa. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri hati zilizokataza, bila idhini ya Misri, kazi za umwagiliaji au umeme katika Mto Nile na maziwa yake ndani ya makoloni ya Uingereza iwapo zingepunguza maji yanayofika Misri. Mwaka 1962 Tanganyika huru, chini ya Nyerere, ilitangaza kwamba haifungwi na hati hizo. Tukaendelea. Bomba la kutoka Ihelele, Misungwi, likapeleka maji ya ziwa hadi Shinyanga na Kahama, na baadaye likasonga mbele hadi Tabora. Mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile, uliofunguliwa Entebbe mwaka 2010 na kutiwa saini na Tanzania siku hiyo ya kwanza, ukaanza kutumika Oktoba 2024.

Katika hati, basi, tulijikomboa mapema na kwa heshima. Katika maswali bado. Na hati bila maswali zina upungufu, kwa sababu mkataba huo unazungumzia matumizi ya haki na ya busara. Siku wajumbe wetu watakapoketi mezani na Misri au Sudan, wataulizwa: kila mita ya ujazo mnayoidai inawapa kilo ngapi za chakula? Atakayewapa tarakimu hiyo hawezi kupatikana juma moja kabla ya mkutano.

Pingamizi tatu

Najua nitakayoambiwa. La kwanza: ziwa lipo, tuvute maji tumwagilie, mambo ya vitundu vya majani waachiwe wenye ukame. Naunga mkono umwagiliaji. Nimeona kwa furaha bajeti ya Wizara ya Kilimo ikipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na umwagiliaji ukipewa sehemu kubwa. Lakini maji ya ziwa hayapandi mlima kwa hiari. Hupandishwa kwa umeme na dizeli, na kila lita ina bei. Mwenye kumwagilia bila kujua zao lake linakunywa kiasi gani, na wakati gani, amefungua bomba la fedha. Tena sehemu kubwa ya mashamba ya Usukuma itaendelea kutegemea mvua kwa muda mrefu ujao, hata skimu zote zilizo kwenye makaratasi zikikamilika.

La pili: hatuna vifaa. Rudi kwa Briggs na Shantz. Msingi wa elimu hii uliwekwa kwa vyombo, udongo, mizani na uvumilivu. Mashine za kisasa zinahitajika, na sampuli za isotopu zinaweza kusafirishwa kwenye maabara zinazozipima. Kisichoweza kusafirishwa ni misimu minne ya kukaa shambani Kwimba, nayo ndiyo sehemu ngumu ya kazi na ndiyo tuliyo nayo karibu kuliko mtu yeyote duniani.

La tatu, na ndilo la kiungwana zaidi: sayansi haina nchi. Kweli, kanuni za stomata ni zilezile Mwanza na Melbourne. Lakini fedha zina nchi, mazao yana nchi, na kipaumbele kina nchi. Wakulima wa nafaka wa Australia wanalijua hilo. Tangu mwaka 1990 wana shirika lao la utafiti wa nafaka, GRDC, linaloendeshwa kwa tozo inayokatwa katika mauzo ya wakulima wenyewe na mchango wa serikali, na fedha hizo hufadhili pia wanafunzi wa uzamivu. Hata hapa nyumbani hatuanzi kutoka sifuri. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ilianzishwa mwaka 2001 kwa mfumo unaowahusisha wadau wa kahawa katika kuigharimia. Kilichowezekana Lyamungo hakiwezi kuitwa ndoto Ukiriguru.

Ninachodai

Nadai mambo manne, nayo nayaandika waziwazi ili waheshimiwa wasiseme hawakuelewa.

Kwanza, halmashauri za kanda hii zinakusanya ushuru wa mazao kwa kiwango kisichozidi asilimia 3. Sehemu ndogo ya ushuru huo, ikiunganishwa na mchango wa serikali kuu kupitia COSTECH, iwekwe katika mfuko mmoja wa Kanda ya Ziwa wa kufadhili walau nafasi tano za uzamivu kila mwaka katika matumizi ya maji ya mazao yetu. Anayesema fedha hazipo ajitokeze ahesabu magari ya msafara wowote unaopita barabara ya Kenyatta. Bei ya gari moja kati ya hayo inaweza kumsomesha hapa nchini mtafiti zaidi ya mmoja hadi amalize.

Pili, wanafunzi hao wasajiliwe katika vyuo vyetu, kama vile Sokoine au Nelson Mandela, lakini shamba lao liwe Ukiriguru na vijiji vinavyokizunguka kituo hicho. Msimamizi mwenza kutoka Sheffield au Canberra akaribishwe kwa heshima zote. Aje kama mshauri wa swali letu.

Tatu, kabla mada haijapitishwa, ipelekwe mbele ya wakulima. Wawemo katika kamati, walipwe posho kama wajumbe wengine, na wawe na sauti ya kusema kwamba swali hili halina maana kwetu, au kwamba jibu lake litahitaji mikono ambayo hatuna. Hilo ndilo funzo la matuta. Na matokeo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, yasomwe vijijini, kisha ndipo yapelekwe kwenye majarida ya wakubwa.

Nne, mfuko huo uahidi kazi pamoja na masomo. Drysdale ilichukua miaka karibu 20. Mtu mmoja wa uzamivu kwa miaka minne ni mwanzo tu. Anayefuata lazima aanze pale wa kwanza alipoishia, na mbegu na data viwe vimehifadhiwa mahali anapoweza kuvifikia bila kuomba kibali cha mtu aliye ng'ambo.

Mwakani matangazo yale yatakuja tena, na nitaandika barua za mapendekezo kwa moyo mweupe, kwa kuwa kijana hana kosa na mlango ukifunguka apite. Lakini diwani, mbunge, mkurugenzi au kiongozi wa ushirika atakayesoma makala haya nina ombi kwake. Baraza lijalo la bajeti likifika kwenye kifungu cha ushuru wa mazao, asimame aulize ni shilingi ngapi kati ya hizo zinarudi kulijibu swali la mkulima aliyezilipa. Aulize kwa sauti, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.